Mtunza Mafaili ya Watu: Maisha ya Dada Yetu, 1968–2024

Usiku wa kuamkia Jumanne, tarehe 8 Oktoba 2024, hakuna aliyelala nyumbani kwa marehemu. Mumewe, fundi bomba ambaye wengi mliopo hapa mmewahi kumwita maji yalipowazidi, alikuwa ameshapiga simu wodini mara sita. Muuguzi wa zamu alikuwa na sauti ya upole na jibu moja.

“Taarifa za mgonjwa anapewa aliyeandikwa kwenye fomu, baba.”

“Mimi ni mume wake wa ndoa!”

“Nimekusikia. Lakini si wewe uliyeandikwa.”

“Basi ni nani?”

“Hilo nalo siwezi kulisema kwenye simu.”

Sebule nzima ikaanza kukisia. Kaka mkubwa alidhani ni yeye, kwa kuwa ndiye mkubwa; akaishika simu yake kwa mikono miwili, lakini haikulia. Wifi akasema bila shaka ni Daktari, yule mwanasaikolojia ambaye marehemu alimfanyia kazi miaka ishirini na mmoja. Daktari alipoulizwa akasema si yeye. Hakuna aliyemtaja mdogo wake marehemu, anayewasomea wasifu huu, maana kila mtu alijua wawili hao hawazungumzi tangu Februari 2022. Mdogo alikuwa kwake, mtaa wa tatu kutoka hapo, amekaa kitandani na viatu miguuni, habari zote akizipata kwa watoto wake. Saa kumi na dakika kumi alfajiri, simu yake ndiyo iliyoita.

“Wewe ndiye mdogo wake?”

“Ndiye mimi.”

“Umeandikwa hapa. Njoo, mama. Usije peke yako.”

Mpaka leo hajaelewa. Mtu mliyenuniana miaka miwili na nusu, anakuandikaje wewe? Fundi bomba alipoulizwa kama ameumia kwa kutoandikwa, alifuta macho akasema, “Angeniandika mimi, wauza magazeti wangejua kabla ya wakwe. Mke wangu alikuwa ananijua.”

Marehemu alizaliwa Alhamisi, tarehe 14 Machi 1968, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha sabuni. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda hicho, mama yake mshonaji. Alikuwa wa pili kati ya watoto watatu: kaka mkubwa, yeye, na huyu mdogo aliyemfuata baada ya miaka mitano. Kaka ameruhusu jambo hili lisemwe. Akiwa na miaka kumi na mmoja aliifungua redio ya baba akitafuta watu wanaozungumza humo ndani, akashindwa kuifunga. Baba akauliza, nani kaharibu? Kaka akanyamaza kwa woga. Dada, ambaye alikuwa ameona yote kutoka mlangoni, akasema, “Mwulizeni mwenyewe aliyeharibu.” Baba akafoka, huyo mwenyewe ndiye ninayemtafuta! Wakachapwa wote wawili. Kaka alikuja kukiri mwaka 1995, siku ya harusi ya dada, wakati baba ameshakuwa mzee wa kucheka tu.

Alisoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1975 hadi 1981, kisha sekondari mpaka kidato cha nne, mwaka 1985. Mwaka 1986 na 1987 alijifunza uhazili na utunzaji wa kumbukumbu. Mdogo wake aliishia darasa la saba, na jioni dada alimkalisha mezani akamfundisha kuandika barua: aanze na nini, aishie wapi, na asilitie jina la mtu katika jambo ambalo mtu huyo hajaulizwa. Wasifu huu ukieleweka, sifa ni zake. Pale usipoeleweka, kosa ni la mdogo mtu.

Kazi alianza Januari 1988, karani wa masjala katika hospitali kubwa. Masjala ilikuwa na kidirisha cha kutolea mafaili, na mbele yake benchi refu la wagonjwa. Majina yaliitwa kwa sauti, na mara nyingine pamoja na jina ulitajwa ugonjwa pia, ili foleni ipangike upesi. Siku moja mama mmoja aliitwa hivyo, benchi zima likageuka kumtazama. Mama yule aliinuka, akapita katikati ya macho ya watu, akatoka getini bila dawa. Dada alikisimulia kisa hiki maisha yake yote, na hakuwahi kusema mama huyo alikuwa nani wala ameitiwa ugonjwa gani. Mdogo wake aliudhika.

“Sasa dada, kisa gani hiki hakina mtu wala ugonjwa?”

“Kina benchi,” alijibu. “Linatosha.”

Jumatatu, tarehe 2 Juni 2003, alihamia kwenye kliniki ya Daktari, ghorofa ya pili juu ya duka la miwani. Watu huenda pale kusema yale yaliyowashinda kuyasema nyumbani. Kazi ya Daktari ilikuwa kusikiliza. Kazi ya dada ilikuwa kuhakikisha yaliyosikilizwa hayashuki ngazi. Waliokuja waliingilia ngazi za mbele na kutokea ngazi za nyuma, ili anayetoka na macho mekundu asikutane na anayeingia. Karibu na mlango wa Daktari kulikuwa na redio ndogo ikisema chini chini mchana kutwa, si kwa ajili ya kusikilizwa bali ya kuwazuia walio nje wasisikie ya ndani. Kwenye daftari la miadi aliandika namba tu. Majina ya namba hizo yalikuwa kwenye kitabu kingine, kitabu hicho kilikuwa kwenye sefu ya Daktari, na ufunguo wa sefu dada hakuwa nao wala hakuutaka. Hata ilipokuja kompyuta, fundi wake hakuachwa nayo peke yake dakika moja. Dada aliketi kando akifuma, sindano zikimwelekea. Karatasi za kutupwa alizichana vipande, akaziloweka kwenye ndoo mpaka zikawa uji, ndipo akazimwaga. Mumewe alipoiona ndoo hiyo aliuliza, “Unapika nini tena?”

“Mambo ya watu.”

Asidhani mtu kwamba alizaliwa anajua. Hili Daktari ameruhusu lisemwe, bila mwaka. Katika siku zake za mwanzo dada alipiga simu nyumbani kwa mtu, ikapokewa na mwingine, naye kwa wema tu akaacha ujumbe: mwambie kesho saa nne kwa mwanasaikolojia, asisahau. Alidhani amesaidia. Mtu yule hakuja kesho yake, wala siku nyingine yoyote. Dada aliiacha wazi nafasi ile kwenye daftari, kila wiki, siku ile ile na saa ile ile, mwaka mzima, asimpe mwingine. Tangu hapo, simu ikipokewa na asiye mwenyewe, alisema, “Nitapiga tena,” akakata.

Barabarani hakumsalimia mtu kwanza. Ukimsalimia wewe, aliitikia vizuri, akakuuliza na hali za watoto. Usipomsalimia, alikupita kama amepita mlingoti wa umeme. Mtaani wakamwita Maringo. Mdogo wake alimwambia, “Dada, salamu hainunuliwi dukani, unatuaibisha.” Akamjibu, “Nikimsalimia anayekuja kwetu, aliye naye atamwuliza, huyu mnajuana wapi? Na nikiwasalimia wasiokuja nikawaruka wanaokuja, hapo nimeshatangaza. Afadhali wote waone nina maringo.” Mdogo wake aliona ni mahesabu ya mtu asiye na kazi ya kufanya.

Alifunga ndoa Jumamosi, tarehe 16 Desemba 1995. Fundi bomba alikuwa amekuja kuziba bomba la masjala. Kabla ya chakula cha mchana alikuwa ameshamsimulia dada maisha yake yote, pamoja na ya jirani zake. Dada alimtajia jina lake siku ya tatu. Watu walishangaa ndoa hiyo itakaaje, mmoja maji yanayotiririka, mwingine jiwe. Ilikaa. Mara moja tu fundi aliingiwa na donge la wivu. Alikuwa chini ya sinki la kliniki, akamsikia mkewe akimwulizia mwanaume kwenye simu, kisha akisema “Nitapiga tena” na kukata haraka. Alibeba donge hilo wiki mbili. Alipothubutu kuuliza, mkewe alicheka mpaka akakaa chini, na hakumweleza. Fundi anasema alichopewa ni kicheko tu, na kilimtosha. Walijaliwa mabinti wawili.

Sasa tufike pale pagumu. Mdogo wake ana watoto wanne, na wote wamevuka miaka kumi na minane. Sehemu hii wamesomewa wote wanne jana jioni. Walitazamana, kisha wakasema isomwe. Daktari naye ameipitia, akafuta mistari miwili. Mwishoni mwa mwaka 2021 mmoja wao, na hatasemwa yupi, aliacha kula na wenzake, akaacha kucheka, akawa anajifungia chumbani mchana kweupe. Mama yake alihesabu vidonge kwenye kabati, akaficha visu, akasimama usiku kwenye ukumbi kusikiliza kama mtu anapumua. Februari, akifua, alikuta ndani ya mfuko wa suruali kikadi cheupe kisicho na jina la mtu wala la mahali, ila siku na saa tu. Wote wanne huvaa suruali, msihangaike. Lakini namba saba iliyoandikwa hapo ilikuwa imekatwa kistari katikati, na ndivyo dada alivyoandika saba zake zote. Alimwendea siku hiyo hiyo, mikono bado ina povu.

“Dada, mwanangu anakuja kwenu?”

“Siwezi kusema anakuja, siwezi kusema haji.”

“Mimi ndiye niliyemzaa!”

“Najua. Nilikushika mkono.”

“Basi neno moja tu. Atajidhuru?”

“Ukiona hatari, mdogo wangu, hata iwe saa nane ya usiku, tumpeleke hospitali, nami nitakuja na kanga moja hivi hivi. Unaloliogopa, mwulize yeye. Lakini mdomo wangu hautakupa mtu.”

Mdogo mtu akapandwa na hasira. “Na babu, je? Babu naye anakuja kwenu?”

“Siwezi kusema anakuja, siwezi kusema haji.”

“Babu tumemzika mwaka 1991, dada!”

“Nikikwambia hapana kwa babu, utanitajia shangazi. Nikikwambia hapana kwa shangazi, utanitajia jirani. Mwisho utafika kwa mtu ambaye nitanyamaza, na hapo utakuwa umepata jibu. Kwa hiyo ni hivyo hivyo kwa wote, wazima na wafu.”

“Wewe si dada. Wewe ni kufuli.”

Alikuwa amekusudia kumuumiza. Watoto walipolisikia wakalipenda, wakawa wanamwita Mama Mkubwa Kufuli mbele yake, naye anaitika. Lakini baina ya wawili hao maneno yalikwisha. Walikutana kwenye harusi na misiba, wakapeana mikono kama wageni wa pande mbili. Yule mtoto, taratibu, alianza kula. Nani alimsaidia, kama yupo aliyemsaidia, mama yake hajui. Na Agosti ya mwaka huu, ule mlango wa chumbani ulianza tena kufungwa mchana.

Marehemu alianza kuugua mwanzoni mwa mwaka 2024. Alilazwa Ijumaa, tarehe 20 Septemba, akafanyiwa upasuaji usiku wa Jumatatu, tarehe 7 Oktoba, akafariki Jumanne, saa kumi kasoro dakika tano alfajiri, akiwa na miaka hamsini na sita. Aliugua nini, daktari wa wodi alimweleza mtu mmoja, kwa sababu ndivyo fomu ilivyosema, na nyuma ya fomu dada alikuwa ameandika kwa mkono wake: “Akishajua yeye, inatosha.” Mumewe anajua kile alichoambiwa na mkewe, na kwa mara ya kwanza maishani hajakisema. Shangazi ameuliza mara nne. Wifi aliuliza juzi kwa sauti ya kunong'ona, ndoo ya maji mkononi: “Tuambiane, si sote ni wa nyumbani?” Mdogo wake alijibu, “Alikuwa anaumwa, wifi,” akauona uso wa wifi ukibadilika, kama wake yeye ulivyobadilika ile Februari. Hajui kama kuandikwa kwenye fomu ile ni kusamehewa, au ni kuadhibiwa, au ni kwamba dada alishika kalamu akaandika namba ya simu aliyoikumbuka kichwani. Anaamka na moja kati ya hayo, analala na jingine.

Tangu Jumanne wamefika msibani watu ambao ukoo hauwafahamu. Mmoja alileta viti kumi na mbili vya plastiki, akavishusha, akaondoka. Mwingine, mwanamke aliyevaa kama anatoka ofisini, alikaa nyuma kabisa saa tatu nzima bila kuonja hata chai. Fundi bomba alimfuata mzee mmoja na kumwuliza kwa furaha, “Mzee wangu, mlifahamiana wapi na mama?” Mzee akasema, “Nilimfahamu tu,” akaanza kutafuta kofia yake. Tangu hapo fundi ameacha kuuliza. Karibuni nyote. Hakuna atakayewauliza.

Marehemu ameacha mume; mabinti wawili, mmoja mwalimu wa chekechea na mwingine mpishi; wajukuu watatu; kaka mmoja; mdogo mmoja; na watoto wanne wa huyo mdogo, ambao aliwalea kama wake. Wapo na wengine wasioweza kuorodheshwa kwenye karatasi hii. Nao ni wafiwa.

Limebaki jambo moja, ambalo mdogo wake ameona heri alisome mwenyewe kuliko lije kusemwa na mwingine. Wodi ilimkabidhi mkoba wa dada, na ndani yake kulikuwa na funguo tano kwenye kamba. Siku moja ya wiki hii, saa ambayo Daktari ameomba isitajwe, alikwenda kliniki akiamini imefungwa kwa msiba. Hakwenda kulia. Alikwenda kulitafuta faili la mwanawe. Ufunguo wa kwanza ulifungua mlango wa ngazi za mbele. Akapita meza ya dada bila kuitazama, akafika chumba cha mafaili, akajaribu ufunguo wa pili, wa tatu, wa nne, wa tano. Hakuna ulioingia. Alikuwa ameurudia wa pili aliposikia sauti nyuma yake.

“Huo nadhani ni wa kabati la nyumbani kwake.”

Alikuwa Daktari, amesimama na kikombe mkononi, sweta begani.

“Wa chumba hiki aliurudisha siku anakwenda kulazwa. Nilimwambia akae nao, atarudi. Akasema hapana, mkoba wa mgonjwa hushikwa na ndugu.”

“Ndugu mwenyewe ndiye mimi.”

“Hakutaja mtu.”

Mdogo wake hakujua acheke au akae chini. Mtu aliyemwamini kwa ugonjwa wake na kifo chake, hakumwamini kwa ufunguo mmoja. Na alikuwa sahihi, maana huyo hapo, mkono bado uko kwenye tundu. Alimwambia Daktari, “Mwanangu ameanza tena kujifungia. Sitaki faili. Niambie tu kama kuna mtu amemshika mkono.”

Daktari aliweka kikombe chini. Kabla hajajibu, kengele ikalia.

“Wapo ambao siku yao haiwezi kuahirishwa, hata kwa msiba huu,” alisema upesi. “Mama, naomba uingie jikoni. Ufunge mlango. Usitoke mpaka nikuite.”

Jiko lile ni jembamba. Lina sinki, birika na kiti kimoja, na mlango wake uko hatua mbili kutoka meza ya mapokezi. Akiwa ndani alisikia miguu ikipanda ngazi. Ilikuwa miguu ya mtu asiye na haraka. Ilifika kwenye meza ya dada, penye kiti kitupu, ikasimama. Kisha mtu huyo akalia. Hakulia kwa sauti. Ni kilio cha kuvutwa ndani, cha mtu aliyejiziba mdomo kwa mkono.

Mama huijua sauti ya mwanawe akilia hata katikati ya sokoni. Lakini mara ya mwisho kusikia yule wake akilia, mtoto alikuwa na miaka tisa, ameanguka kutoka ukutani. Kilio chake cha ukubwani hakijui. Mara alihisi ni chenyewe. Mara alihisi ni cha mtu mzima kuliko mwanawe, cha mwanamke, cha mwanaume, cha mtu yeyote. Mkono wake ulikuwa tayari umeshika kitasa, kitasa chepesi cha kugeuzwa kwa vidole viwili. Akiwa ni wangu, alifikiri, nimkumbatie. Asipokuwa wangu, nitakuwa nimemwona mtu aliyepanda ngazi hizi ili asionwe. Na akiwa ni wangu, ni nani aliyesema anataka nimwone hapa?

Alikiachia kitasa. Akakivuta kiti kile taratibu kisilie, akakaa, akauegemeza mguu wake kwenye mlango ili usije ukafunguka wenyewe. Alimsikia Daktari akisema, “Karibu.” Miguu ikapita, ikaenda zake ndani. Ilikuwa ya nani, hajui, na hamtauliza Daktari, wala hatawauliza wale wanne. Alikaa jikoni mpaka alipoitwa, na muda wote huo mlango haukufunguka.

Mungu ampokee dada yetu, na huko aliko apate pumziko la amani.